Mzee Akianguka na Kugonga Kichwa: Namna ya Kumhudumia Tangu Dakika ya Kwanza Hadi Miezi Mitatu

Bibi mmoja niliyemhudumia wodini aliletwa na wanawe kwa sababu, kwa maneno yao, alikuwa amezeeka ghafla. Alilala mchana kutwa, alijibu maswali kwa kuchelewa, na kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa ikimtoka njiani bila mwenyewe kujua, hata mjukuu wake akawa anamfuata nyuma kuiokota. Tulipouliza kama aliwahi kuanguka siku za karibuni, wakubwa wote walikataa. Ni yule mjukuu aliyekumbuka kwamba yapata wiki nne nyuma bibi aliteleza bafuni, akagonga kisogo kwenye ukingo wa pipa la maji, akainuka mwenyewe, akajipangusa na kurudi jikoni. Kipimo cha CT-Scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kilionyesha damu iliyokuwa imejikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo. Alipasuliwa, ikatolewa, na aliporudi kliniki alikuja kwa miguu yake, kandambili zote mbili zikiwa mahali pake.

Nauandika mwongozo huu kwa wanaoishi na wazee: watoto, wakwe, wajukuu na wasaidizi wa nyumbani, ambao ndio huwa karibu mzee anapoanguka na ndio watakaomtazama usiku ule na wiki zinazofuata. Jambo ninalotaka walishike ni kwamba kwa mzee pigo la kichwa halipimwi kwa ukubwa wa nundu, wala kwa kauli yake mwenyewe ya "sijambo, msinisumbue", bali kwa tofauti kati ya alivyo leo na alivyokuwa kabla ya kuanguka. Na tofauti hiyo hutafutwa kwa wiki nyingi, si kwa usiku mmoja. Maneno "ni uzee tu" yasitamkwe juu ya mzee aliyegonga kichwa mpaka ithibitike kwanza kwamba si damu.

Kwa nini kichwa cha mzee ni tofauti

Mtikisiko wa ubongo hutokea pale kichwa kinapogongwa au kutikiswa kwa nguvu, ubongo ukasukwasukwa ndani ya fuvu na kazi zake zikavurugika kwa muda. Si lazima mfupa uvunjike, si lazima mtu azimie, na kwa kawaida picha za CT-Scan za mtikisiko peke yake huonekana hazina kasoro. Mgonjwa huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, huchukia mwanga na kelele, husahau yaliyotokea, hukasirika upesi au hulala kupita kawaida yake. Kwa kijana dalili hizi mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili hivi. Kwa mzee zaweza kuchukua mwezi na zaidi, na kwa wengine hufika miezi mitatu.

Lakini kasi ya kupona siyo tofauti kubwa kuliko zote. Kadiri miaka inavyosonga ubongo husinyaa kidogo kidogo, nafasi kati yake na fuvu ikaongezeka, na mishipa midogo inayovuka nafasi hiyo ikabaki imevutika kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa mno. Pigo ambalo kijana angelicheka linatosha kuukata mmoja wa mishipa hiyo. Na kwa kuwa nafasi ipo, damu inaweza kujikusanya kwa saa, siku au hata wiki kabla haijaanza kuukandamiza ubongo, ndiyo maana mzee anaweza kuongea vizuri jioni aliyoanguka na kuzidiwa alfajiri, au kuzidiwa mwezi unaofuata wakati kila mtu ameshasahau. Wazee wengi, tena, wanatumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, rivaroksabani, klopidogreli au ile aspirini ndogo ya moyo. Mwenye dawa hizi akivuja damu ndani ya kichwa, damu huchelewa kusimama.

Dakika za mwanzo

Jambo la kwanza ni kuizuia ile haraka ya kumwinua. Majirani huja mbio, mmoja akamshika kwapa hili na mwingine lile, mzee akasimamishwa kabla hajaulizwa lolote. Na ikiwa shingo au nyonga imevunjika, hapo ndipo madhara yanapoongezeka. Mifupa ya shingo ya mzee inaweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu. Piga magoti kando yake, mwite kwa namna umwitavyo kila siku, mwombe asisogee, kisha umuulize wapi panamuuma. Akilalamikia shingo, au akisema mikono au miguu imekufa ganzi, mwacheni alivyolala, mtu mmoja akikishikilia kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, mpaka watu wenye ujuzi wa kumbeba wafike.

Asiyeitika atazamwe kifua kama anapumua. Asiyepumua aanze kukandamizwa kifua mara moja, huku wengine wakitafuta gari. Anayepumua bila fahamu, au anayetapika akiwa amelala chali, ageuzwe ubavu kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikizunguka kama gogo moja, ili matapishi yatoke nje badala ya kuingia mapafuni. Kama ana meno ya bandia na fahamu zimelegea, yatoeni na kuyatunza.

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo hata kidonda kidogo hutoa damu ya kutisha. Kunja kitambaa safi, hata kanga iliyofuliwa, ukibane kidonda kwa dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua kutazama. Ukihisi mfupa umebonyea chini ya kidonda usikandamize, funika tu kwa wepesi. Maji maji au damu nyepesi ikitoka puani au masikioni isizibwe kwa pamba, kwa kuwa hiyo ni dalili ya fuvu kupasuka upande wa chini na kuziba hakusaidii kitu. Kahawa ya unga, majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa havina nafasi kwenye kidonda cha kichwa. Nundu iwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, si kukandwa kwa maji ya moto wala kuchuliwa, maana joto na kusugua siku ya kwanza huongeza uvimbe.

Usimpe kinywaji ili apate nguvu kama amelegea au ana usingizi, kwa sababu anaweza kupaliwa. Mwenye kisukari apimwe sukari hapo hapo ikiwa kifaa kipo nyumbani. Ikiwa chini ya 4 (kwa kifaa kinachosoma mmol/L) na yuko macho, anameza bila shida, apewe maji ya sukari, kwani huenda kushuka kwa sukari ndiko kulikomwangusha.

Kisha mpime fahamu, na upime kwa haki. Kwanza mvishe miwani yake na kifaa chake cha kusikia, kwa sababu mtu asiyeona wala kusikia ataonekana amechanganyikiwa hata kama akili yake iko sawa. Usimuulize tarehe ya leo wala jina la waziri ikiwa hata juzi asingelijua. Muulize mambo anayoyaishi: ni swala gani imeshapita, mjukuu huyu ni mtoto wa nani, asubuhi alikula nini, nyumba inayopakana nao upande wa barabarani ni ya nani. Andika majibu yake pamoja na saa. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya watu watano wanaosema kwa pamoja.

Muulize pia alianguka vipi, akiwa bado anakumbuka. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyekanyaga maji akateleza na aliyeona giza, moyo ukamwenda mbio, au mguu ukakataa kumbeba. Huyu wa pili huenda ana kiharusi, moyo unaopiga bila mpangilio, upungufu wa damu, presha iliyoshuka au maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee hujificha na kujitokeza kwa kuanguka au kuweweseka. Kichwa kikitibiwa na chanzo kikaachwa, ataanguka tena. Na wapo wazee ambao hawakuanguka bali walisukumwa au kupigwa. Mhudumu akiomba kuzungumza na mzee faraghani, familia isione imevunjiwa heshima, impishe.

Nani apelekwe hospitali

Maoni yangu, baada ya kuona wengi waliocheleweshwa, ni kwamba kila mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea aliyegonga kichwa aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, hata akijisikia mzima. Si maoni yangu peke yangu kwamba umri ni hatari: kanuni ya Kanada ya kuamua nani afanyiwe CT-Scan, iliyochapishwa mwaka 2001 na kutumiwa na madaktari wa dharura katika nchi nyingi, inaihesabu miaka 65 kuwa sababu inayotosha yenyewe kwa mgonjwa aliyezimia, aliyechanganyikiwa au asiyekumbuka tukio. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande apelekwe haraka hata kama hana dalili yoyote.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kupambazuke wala mtoto mkubwa arudi kutoka safari: kutapika zaidi ya mara moja, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usioamshika vizuri, maneno yanayokokoteka, uso kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, degedege, mboni za macho kutolingana, weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio, na kuchanganyikiwa ambako hakukuwapo. Kuhusu mboni, kumbukeni kwamba mzee aliyepasuliwa mtoto wa jicho anaweza kuwa na mboni zisizolingana kwa miaka mingi; ndiyo faida ya mtu anayemjua kuwepo.

Asipakiwe kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Najua mara nyingine ndicho chombo kilichopo, lakini mzee anayelegea njiani huanguka mara ya pili, au shingo yake huyumba kwa kila shimo la barabara. Bajaji au gari la jirani ni afadhali, naye alazwe, kichwa kimeshikwa.

Chukueni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za asili na za kununua dukani bila cheti, na mjue saa aliyoanguka na saa aliyomeza dozi ya mwisho. Kwa Tanzania, hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee, lakini mzee aliyegonga kichwa hapangi foleni hiyo wala nyingine. Apelekwe moja kwa moja idara ya dharura.

Mambo ya kumwambia na kumuuliza daktari

Daktari au muuguzi atapima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, ambacho kimetumika tangu mwaka 1974 na kina alama kuanzia 3 hadi 15, kulingana na namna mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Mtikisiko wa ubongo huwa katika alama 13 hadi 15. Hapa ndipo neno lenu lina uzito. Mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu huenda hafiki 15 hata siku zake nzuri, na mwingine aliyepata 14 ni mtu aliyekuwa akiweka hesabu za duka mpaka jana yake. Mwambieni daktari waziwazi: "Hivi sivyo alivyo kila siku."

Ulizeni kama anahitaji CT-Scan, na msiridhike na eksirei ya fuvu. Eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi ubongo wala damu iliyo ndani, na nimeona familia zikirudi nyumbani na picha hiyo mkononi zikiamini kwamba zimepewa habari njema. Mkiwa kwenye zahanati au kituo cha afya kisicho na CT-Scan, kazi ya kituo ni kupima presha, sukari na fahamu, kufunga kidonda, kuangalia chanjo ya pepopunda, na kuandika rufaa mapema. Kama rufaa haiwezekani usiku huo, ni bora alazwe hapo chini ya macho ya wahudumu kuliko kurudishwa nyumbani kwenye kijiji kisicho na usafiri.

Swali la dawa za kuzuia damu isigande linahitaji uangalifu. Msimpe dozi inayofuata kabla daktari hajatoa neno, na vilevile msizikatishe wenyewe kwa wiki nzima kwa hofu, maana moyo au mshipa uliomfanya aandikiwe dawa hizo bado una hatari zake, na anaweza kupata kiharusi cha damu kuganda. Mtumiaji wa wafarini hupimwa kiwango cha kuganda kwa damu, na kama inavuja kuna tiba za kuirudisha, ikiwamo vitamini K. Hata picha ikiwa safi, mtumiaji wa dawa hizi anaweza, mara chache, kuvuja baadaye. Ulizeni kama abaki hospitali kwa uangalizi na kwa muda gani.

Siku mbili za mwanzo nyumbani

Akiruhusiwa, mtu mmoja mzima apewe dhamana ya kumwangalia, na kama ni zamu, zamu ziandikwe. Simu iwe na chaji na ijulikane ni gari la nani litakaloitwa usiku.

Wapo wanaoamini kwamba aliyegonga kichwa asilale kabisa, wakamkesheza mzee kwa maongezi na chai mpaka asubuhi. Usingizi haumdhuru, ubongo unauhitaji ili upone. Linalotakiwa ni kujua kwamba anaamshika. Usiku wa kwanza mwamsheni kila baada ya saa mbili au kama mlivyoelekezwa, afumbue macho, awataje mlio mbele yake, ainue mikono yote miwili na asogeze miguu. Akigoma kuamka, au akiamka na kuongea visivyoeleweka, safari ya hospitali haingoji.

Kwa maumivu atumie parasetamoli, kwa kawaida kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na mzee mwembamba au mwenye tatizo la ini apewe kiasi pungufu kwa ushauri wa daktari. Siku hizi za mwanzo aepuke diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu kwa sababu huongeza uwezekano wa kuvuja damu, na pia huelemea figo na tumbo. Aspirini aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo ni suala la daktari, kama nilivyosema. Dawa za usingizi kama diazepamu, vidonge vya mafua na mzio vinavyolewesha, tramadoli na pombe vyote huficha dalili tunazozitafuta na kumfanya ayumbe. Dawa zake za presha na kisukari ziendelee, lakini kama hali chakula vizuri ulizeni kuhusu dozi, hasa ya vidonge vya kushusha sukari.

Kisha kuna wageni. Kwetu mgonjwa hupewa pole, na ni jambo jema, lakini ubongo uliotikisika huchoshwa na sauti nyingi kuliko mfupa uliovunjika. Nimemwona mzee aliyekuwa akiendelea vizuri hadi saa nne asubuhi, kisha baada ya watu kumi na wawili kupita chumbani, kila mmoja akimtaka asimulie upya alivyoanguka, akaanza kutapika na kushika kichwa. Wapokeeni wageni barazani, mmoja au wawili waingie kwa dakika tano, wasimuulize habari za ajali. Redio na runinga ziwe chini. Mwanga mkali upunguzwe kwa pazia, bila chumba kufanywa giza totoro, kwani giza humfanya mzee apotewe na mchana na usiku.

Mwezi wa Ramadhani, mzee wa namna hii ana ruhusa ya mgonjwa, na familia imsaidie kuikubali bila kujiona mkosefu. Akikaa bila maji mchana kutwa, presha hushuka na kichwa huuma zaidi.

Kumrudisha kwenye maisha yake

Zamani wagonjwa wa mtikisiko waliambiwa walale gizani mpaka dalili zote ziishe. Mwelekeo huo umeachwa. Sasa hushauriwa mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha kurudi kwenye shughuli polepole, na dalili zikizidi kidogo kwa muda mfupi si sababu ya kurudi kitandani. Kwa mzee jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kulala siku nyingi humletea vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda miguuni na misuli kuisha kwa kasi ambayo kijana haijui. Siku ya tatu akae barazani, siku inayofuata atembee hadi lango na kurudi akiwa ameshikwa mkono, kisha aongeze kadiri anavyoweza. Kinachomzidishia maumivu ya kichwa kipunguzwe kwa siku moja, kisha kijaribiwe tena.

Kusuka ukili, kuchambua mchele, kusoma msahafu au Biblia kwa dakika chache ni mazoezi mazuri ya ubongo, mradi aache anapochoka. Kuendesha gari au baiskeli, kupanda ngazi, kukaa peke yake na jiko la mkaa au sufuria ya maji yanayochemka vingoje mpaka kizunguzungu kiishe na daktari akubali.

Kama kizunguzungu humjia kwa sekunde chache tu anapojigeuza kitandani au anapoinua uso kutazama juu, mwambieni daktari hivyo hivyo. Mara nyingi ni chembechembe za ndani ya sikio zilizohama mahali pake kwa lile pigo, na hurudishwa kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila dawa. Ni huzuni kuona mzee akimeza vidonge vya kizunguzungu miezi mitatu kwa tatizo linaloweza kuondolewa kwa dakika chache.

Huzuni na woga pia ni sehemu ya ugonjwa. Mzee aliyeanguka mara nyingi huanza kuogopa kutembea, akakaa, akadhoofika, na udhaifu huo ndio unaomwangusha tena. Kwa hiyo usalama wa nyumba ni sehemu ya tiba ya kichwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Anzeni na njia ya kwenda chooni, maana ndiyo anayopita usiku: taa au tochi iwe karibu na mkono, mkeka uliojikunja uondolewe, sakafu ya bafu ipanguswe maji, na bomba imara lifungwe ukutani mahali pa kushika anapochuchumaa na kuinuka. Kandambili zilizolika nyayo zitupwe, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja hivi kabla ya kusimama. Mhudumu ampime presha akiwa amelala na tena baada ya kusimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, dawa zake zinahitaji kupitiwa upya.

Wiki zinazosahaulika

Wengi hulegeza uangalizi nundu inapokwisha, kumbe damu inayojikusanya taratibu hujionyesha zaidi kuanzia wiki ya pili au ya tatu, na wakati mwingine mwezi wa pili. Andikeni siku aliyoanguka kwenye kalenda ya ukutani, mhesabu wiki kumi na mbili mbele, na kila wiki, siku ile ile, mtu yule yule amtazame kwa makini. Hatua zake zikoje, je, mguu mmoja unakokota, kiatu cha upande mmoja kinalika au kumtoka? Anafunga vifungo kama zamani, au kikombe kinamponyoka? Mwambieni anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho na kuhesabu hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka au kujigeuza kiganja chini, upande huo una udhaifu. Sikilizeni maneno yake, mwangalieni anapotabasamu, na ulizeni kama ameanza kujikojolea, kulala mchana au kukataa chakula. Wanaoishi mbali, Muscat au London au Minneapolis, wanaweza kufanya sehemu kubwa ya haya kwa simu ya video, na mara nyingine wao ndio huona kwanza, kwa sababu hawakuyazoea mabadiliko ya kila siku.

Dalili hizo zikionekana, rudini hospitali na kulitaja lile pigo hata kama limepita miezi miwili, kwa sababu daktari asiyeambiwa anaweza kudhani ni kiharusi au usahaulifu wa kawaida.

Mkiambiwa kwamba kuna damu na inahitaji kutolewa, msikatae kwa hoja kwamba ameshakuwa mzee mno kupasuliwa kichwa. Upasuaji wa damu iliyokaa muda mrefu kwa kawaida ni wa kutoboa tundu moja au mawili kwenye fuvu na kuiacha damu hiyo, ambayo imeshakuwa nyepesi kama maji ya kahawa, itoke kwa mpira mdogo kwa siku moja au mbili. Wazee wa miaka 80 na kitu huvuka na kurudi kutembea. Muulizeni daktari wa upasuaji ni lini atarudia dawa za kuzuia damu isigande, lini ataanza kuinuka kitandani, na lini arudi kupimwa, kwa sababu kwa baadhi yao damu hujikusanya upya katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na zile hesabu za kwenye kalenda huanza tena kutoka siku aliyopasuliwa.